Bi Kinyaa na Mwezi wa Jasi

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Kinyaa, tena mchana kweupe mbele ya uso wake, naye akaitika bila kununa, maana alijua jina limemkaa. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Utando juu ya maziwa ya moto ulimfanya atoke mezani mbio. Unywele mmoja kwenye sabuni ulimharibia asubuhi nzima. Mtu akipiga chafya kwenye foleni, yeye alihama foleni. Na ukimpa mkono baada ya kujikuna sikio, aliupokea kwa vidole viwili, kisha akakaa na vile vidole vimejitenga na wenzake mpaka apate maji.

Ajabu ni kazi aliyoichagua mtu kama huyo. Alikuwa fundi wa meno bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno, chembamba kama korido, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jirani. Wagonjwa hakuwaona. Daktari alikuwa mbele huko, akiwaambia wafungue midomo, na chapa za vinywa vyao, zilizochukuliwa kwa kuuma dawa laini inayoganda, zilimfikia Bi Kinyaa kwenye trei, zikiwa bado na utelezi wa mate na saa nyingine na kipande cha nyama ya jana. Alizipokea akiwa amevaa glovu mbili mbili na ameziba pumzi. Alizizamisha kwenye dawa, akazisuuza, akazizamisha tena. Halafu akakoroga jasi, akaimimina ndani ya chapa.

“Mimi sishughuliki na vinywa,” aliwaambia waliomshangaa. “Nashughulika na jasi.”

Na jasi aliipenda kweli. Ilikuwa nyeupe, laini kama poda, ikikutana na maji inapata joto kidogo kama kitu kinachotaka kuamka, kisha inaganda. Ikishaganda haina harufu wala mate wala maneno. Kinywa cha mzee aliyetafuna tumbaku maisha yake yote, kikishageuka jasi, kilikuwa kitu safi cha kuwekwa juu ya meza na kutazamwa.

Mumewe alikuwa fundi mabomba, na hilo nalo liliwachekesha watu. Kila jioni aliingilia mlango wa uani, akavua nguo za kazi, akajisugua kwenye bomba la nje mpaka viwiko, ndipo akabisha. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kulalamika. “Nimeoa karantini,” alikuwa akiwaambia mafundi wenzake, na akilisema alikuwa akitabasamu.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Bi Kinyaa hakuwahi kukionea kinyaa, nacho ni mwezi. Alipokuwa msichana wa bweni, akilala chumba kimoja na wasichana waliokoroma na kujipaka mafuta yenye harufu ya samli iliyochacha, aligeukia dirishani akautazama mpaka usingizi umchukue. Ulikuwa mbali na ulikuwa mweupe. Baadaye aliposoma kwamba watu wamewahi kufika huko na kuukanyaga na viatu vyao, aliudhika wiki nzima.

Jumamosi moja alasiri alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Huyu alikuwa mwalimu kwenye kituo cha watu wazima wasioona, mwanamke mnene, mchangamfu, asiyejua kuchoka. Alibeba mfuko mkubwa wa plastiki, na kabla hajaufungua, harufu ilikuwa imeshaingia sebuleni na kuketi.

“Nini hicho, wifi?” Bi Kinyaa aliuliza, kitambaa kikiwa tayari puani.

“Mwezi.”

“Mwezi gani unanuka hivyo?”

Wifi akautoa. Ulikuwa mpira wa magazeti uliogandishwa kwa gundi ya unga. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani upande mmoja na wa waridi upande mwingine, na palipokuwa na alama za meno ya wadudu palichuruzika kitu kama ute.

“Niliufungia kabatini,” wifi alisema kwa unyonge. “Mende wamekula bahari yote ya kushoto.”

Akaeleza. Darasani kwake kulikuwa na mama mmoja aliyezaliwa haoni, mpokea simu mstaafu wa ofisi kubwa, ambaye wenzake walimwita Bi Swichibodi. Siku moja wifi alipokuwa akisoma hadithi iliyotaja mbalamwezi, yule mama alipiga meza kwa kiganja. Mwezi, mwezi, tangu nizaliwe! Kwenye nyimbo mwezi, kwenye harusi mwezi, mtoto akiwa mzuri mwezi. Nipeni basi niupapase nami nijue mnasifia nini. Ndipo wifi alipojaribu na magazeti.

“Na waliupapasa ukiwa hivi?”

“Waliupapasa. Bi Swichibodi alinusa vidole vyake, akauliza mwezi umekufa lini.”

Bi Kinyaa alikuwa amesharudi nyuma mpaka ukutani. Ukungu ulimtia kichefuchefu, lakini alipokaza macho aliona jambo lililomchefua zaidi ya ukungu. Mashimo ya ule mwezi yalikuwa yametobolewa kwa ncha ya penseli, yote sawasawa, kama matundu ya chujio. Kazi ya ovyo ilimkera vilevile kama kamasi inavyomkera, na hapa viwili hivyo vilikuwa vimekutana.

“Toa nje,” alisema. “Peleka mbali kabisa, pipa la mtaa wa pili. Halafu rudi uniletee picha za huo wa kweli.”

Wifi alileta picha kubwa kubwa na kitabu kinene cha maktaba. Jumapili zilizofuata, kliniki ikiwa imefungwa, walikaa wawili kwenye kile chumba chembamba, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akifinyanga. Bi Kinyaa alipata karai la mviringo wa kweli, akalipaka mafuta ndani, akamimina jasi ngumu ya kazi za kudumu, na ilipoganda akapata nusu ya tufe, pana kuliko kumbatio la mtoto. Huo ungekuwa upande unaoonekana. Upande wa nyuma aliuacha bapa, ukae mezani.

Mwanzoni alifurahi. Alipaka jasi laini juu, na kabla haijakaza akaiangushia gololi za chuma alizoletewa na mumewe kutoka kwenye beringi kuukuu. Kila gololi iliyoanguka ilisukuma jasi pembeni, ikaacha shimo la duara lenye ukingo ulioinuka, na matone yakaruka pande zote yakaacha michirizi. Alizishangaa picha. Zilikuwa hivyohivyo.

“Kwa hiyo haya mashimo ni mawe yaliyoanguka?”

“Mawe makubwa kama miji, mengine makubwa zaidi,” wifi alisoma. “Na lile kubwa kule kusini lenye michirizi mirefu, ile michirizi ni vifusi vilivyorushwa siku lilipopigwa.”

“Na hiki kidude katikati ya shimo?”

Wifi aligeuza ukurasa. “Ni mlima. Pigo likiwa kubwa sana, sakafu ya shimo inashuka, halafu inarudi juu kama maji yakitumbukizwa jiwe, inagandia hapohapo.”

Bi Kinyaa aliitazama picha muda mrefu. Ukingo ulioinuka aliufahamu, na ngozi iliyovuta, na kile kiini cha katikati. Kila wiki daktari alimwonyesha picha ya ufizi wa aina hiyo.

“Ni jipu,” alisema, akaweka kijiko chini.

“Wifi, jamani.”

“Jipu na kiini chake. Endelea kusoma.”

Wifi akaendelea, na kila ukurasa ulizidi kuharibu. Yale madoa meusi ambayo watu huyaita bahari hayajawahi kuwa na tone la maji. Ni mabonde makubwa yaliyochimbwa na mapigo ya kale, kisha mwamba ulioyeyuka ukapanda kutoka ndani kupitia nyufa, ukayajaza, ukakauka ukawa mweusi.

“Yaani kidonda kilijaa usaha.”

“Ni mwamba, wifi! Lava!”

“Umetoka ndani, ukajaza kidonda, ukakauka juu. Wewe uite upendavyo.”

Kisha ikaja habari ya zile sehemu nyeupe, ambazo alikuwa akizipenda tangu bwenini. Wifi alisoma polepole, kwa sababu hata yeye hakuwa anazijua. Mwezi ulipokuwa mchanga ulikuwa umeyeyuka, bahari ya moto kila upande. Ulipoanza kupoa, madini mazito yalizama na yale mepesi yakaelea juu, yakakusanyika, yakagandiana yakawa ngozi. Ngozi hiyo ndiyo weupe tunaouona.



“Mepesi yakaelea juu,” Bi Kinyaa alirudia. “Yakagandiana wakati unapoa.”

“Ndiyo.”

“Kama utando wa maziwa.”

Wifi aliutazama tena ukurasa. “Sasa... ukitaka kulisema hivyo...”

Bi Kinyaa alitoka nje. Mumewe, aliyekuja kuwachukua, alimkuta uani ameinama juu ya sinki la nje, akisukutua.

“Kulikoni tena, mama?”

“Mwezi una utando.”

Yule bwana, aliyewahi kutoa kwenye mabomba ya watu vitu visivyosimulika, alifikiri kidogo. “Pole,” alisema, akamshika bega, baada ya kuhakikisha mkono wake ni msafi.

Angeweza kuacha, na wifi alimwambia aache kama inamtesa. Hakuacha. Tangu aanze kazi hakuwahi kumtengenezea mtu jino la uongo zaidi ya uongo wake wa kawaida. Kama gego lililotakiwa lilikuwa limepinda, alilipinda. Basi alitengeneza majipu yote na vidonda vyote, akaweka mifereji iliyopinda mahali lava ilipotiririka, akaweka mikunjo kwenye zile bahari kama mikunjo ya ngozi ya mkono uliolowa. Akasugua mabonde yawe laini ili kidole kiyatofautishe, na nyanda za juu akaziacha za kukwaruza. Kitu kilichomuuma zaidi ni vumbi. Kitabu kilisema mwezini hakuna upepo wala mvua, na kwa hiyo kila kilichowahi kuanguka huko bado kipo hapohapo kilipoangukia, na mwezi wote umefunikwa na unga wa mawe yaliyosagika.

“Haujafagiliwa tangu uwepo,” alisema kwa sauti ya mtu aliyesikia habari ya msiba wa aibu.

Siku ya kuupeleka kituoni alibeba pia beseni, sabuni na mataulo. Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki na harufu ya viatu vilivyonyeshewa. Watu kumi na kitu walikuwa wamekaa wakisubiri, wameinua nyuso.

“Hakuna atakayegusa kabla hajanawa,” Bi Kinyaa alitangaza mlangoni.

“Kwani tunakwenda kuula?” aliuliza mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori kabla kisukari hakijamchukulia macho. Wakacheka, lakini walinawa, mmoja mmoja, na yeye akakagua kucha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Swichibodi. Alikuwa mwembamba, amenyooka, blauzi yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama makali ya kisu. Alisimama akanusa hewa.

“Nani huyu anayenuka hospitali?”

“Fundi,” wifi alisema. “Ndiye aliyeutengeneza.”

“Afadhali yeye kuliko wewe na unga wako.”

Akaweka viganja vyote viwili juu ya jasi. Vidole vyake vilikwenda bila haraka, vikapanda ukingo, vikatumbukia, vikagusa kile kilima cha katikati, vikatoka. Vikateleza kwenye bahari, vikakwama kwenye nyanda, vikazunguka lile shimo la kusini na kufuata mchirizi mmoja mpaka mwisho. Bi Kinyaa, aliyekuwa amejiandaa kuvumilia mikono ya watu, alijikuta anaifuata ile mikono kwa macho kama anayengoja hukumu.

Bi Swichibodi aliondoa mikono. Akachomoa kitambaa mkononi mwa blauzi, akajifuta kidole kimoja kimoja.

“Ndio huu?”

“Ndio huu, mama,” wifi alisema.

“Wote? Uko hivi wote?”

“Wote.”

“Marehemu mume wangu aliniambia nina uso kama mwezi.” Akajigusa shavu. “Nikaolewa! Kumbe mtu alikuwa ananitukana hadharani.”

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. “Unatia kinyaa,” alisema.

“Sana,” alisema Bi Kinyaa.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Wifi alimkodolea macho. Bi Swichibodi aligeuza sikio.

“Umesemaje, fundi?”

“Nimesema unatia kinyaa sana. Nilikuwa naupenda, mama. Nimekaa nao Jumapili baada ya Jumapili, nikagundua ni majipu, na utando, na vumbi lisilofagiliwa. Nusura nitapike.”

“Alhamdulillahi,” yule mama alisema, akakaa. “Nimepata mtu mmoja mkweli. Sasa niambieni uchafu huu umetoka wapi.”

Hapo wifi alirudi kwenye kazi yake. Aliwaambia kwamba hakuna aliyekuwepo, lakini wataalamu wengi wanaamini hivi: dunia ilipokuwa changa, bado ya moto, ilikuja dunia nyingine ndogo, ukubwa wake kama Mirihi, yaani upana wake karibu nusu ya upana wa dunia yetu. Zikagongana.

“Uso kwa uso?” dereva aliuliza.

“Wengi husema kwa ubavuni.”

“Ubavuni ndiko kubaya,” alisema dereva, aliyejua. “Vipande vinaruka mbali.”

“Ndivyo ilivyokuwa. Vipande na mvuke wa mawe vikarushwa juu, vikaizunguka dunia, vikakusanyana. Vikawa mwezi.”

Bi Swichibodi alikuwa akitikisa kichwa polepole. “Dunia ilipigwa tumboni ikatapika. Matapishi yakaganda. Na nyinyi wenye macho mnatoka nje kuyaimbia.”

“Si matapishi hasa, mama...”

“Yana kitu cha ndani kilichotoka nje kwa nguvu? Yana. Basi mwalimu, tusibishane.”

Bi Kinyaa aliona kinyaa na kicheko vinamjia kwa pamoja. Alishindwa kujua kipi kitangulie, akalazimika kushika meza.

Wengine wote waliupapasa, dereva akapata mahali pa kuegesha lori. Mwishoni Bi Swichibodi alirudi tena, mikono yake ikauinamisha, ikapenya mpaka nyuma, ikakuta ubapa.

“Na huku? Kwani ni chapati?”

Wifi akaeleza kwamba mwezi huizunguka dunia ukiwa umeielekezea uso uleule daima, na kwamba mgongo wake haukuwahi kuonekana na jicho la mtu yeyote aliye duniani. Ilibidi kwanza vyombo vitumwe kuupiga picha.

“Ina maana hata nyinyi huko nyuma hamuoni.”

“Hatuoni.”

“Nitengenezee huko,” alimwambia Bi Kinyaa. “Huko nataka nifike sawa na watu.”

Upande wa nyuma ulimchukua miezi, na ulikuwa mbaya kuliko wa mbele. Ngozi yake ni nene zaidi, lava haikupata njia ya kutoka ila sehemu chache, kwa hiyo hakuna mabonde laini ya kupumzisha kidole. Ni shimo juu ya shimo, na chini kabisa kusini bonde moja la kutisha lililokula karibu robo ya duara lote. Bi Kinyaa alifanya kazi amekunja uso tangu anaanza mpaka ananawa.

Wakati huo simu ya kliniki ilianza kulia kila siku baada ya chakula cha mchana. “Kliniki?” sauti iliyonyooka iliuliza. “Niunganishe na fundi wa mwezi.” Daktari alikuja kugonga mlango, na Bi Kinyaa akaupokea mkono wa simu kwa karatasi.

“Umeushika kwa karatasi?” Bi Swichibodi aliuliza siku ya kwanza.

“Umejuaje?”

“Inakwaruza. Hata mimi nilikuwa nikifanya hivyo. Miaka yangu yote kazini nilipokea zamu kutoka kwa mtu aliyekula vitunguu, na mkono wa simu ulikuwa na unyevu wa pumzi yake. Unyevu, fundi! Naweka midomo yangu pale alipopumulia.”

Bi Kinyaa alisisimka mwili mzima. Hakuna aliyewahi kumwelewa hivyo. Mumewe alimvumilia na kazini walimcheka. Huyu alikuwa na vidonda vyake mwenyewe vya kulinganisha. Wakawa wanasimuliana: sabuni ya wageni iliyoota nywele, vijiko vya hotelini, watu wanaolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Walikata simu wakiwa wamechafukwa roho na wameridhika.

Nusu mbili zilipounganishwa, mwezi ukawekwa juu ya kigoda cha mbao katikati ya darasa, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikatangazwa kwamba mgeni mheshimiwa atazuru kituo.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa bwana wa suti, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kumshika mtu bega anapomnyima kitu. Alizunguka vyumba akitazama nini kiondolewe. Alipofika kwenye mwezi alisimama. Ule mwezi ulikuwa umeshikwa na mikono mingi, na ingawa ulioshwa kila wiki, jasi ilikuwa imeingia rangi ya kijivu chafu. Alisema unafanana na kichwa cha maiti. Hakumwambia mwalimu wala darasa. Alimwita mtunza bustani, akampa kopo la rangi ya mafuta, rangi ya fedha, akamwambia apake mpaka ung’ae.

Siku ya ziara Bi Kinyaa alialikwa. Kutoka mlangoni aliona kitu kinametameta kama sufuria mpya dukani. Akadhani ni pambo. Alipokaribia akakitambua kigoda cha mwezi.

Mgeni alipiga makofi mepesi. “Mzuri mno!” alisema. Mpiga picha akasogea. Mkurugenzi akamshika Bi Swichibodi kiwiko, akamwongoza. “Karibu mama, mwonyeshe mheshimiwa jinsi mnavyojifunza.”

Bi Swichibodi aliweka mikono. Vidole vikaenda, vikasimama. Vikarudi, vikatafuta.

“Huu nini?”

“Ni mwezi wetu, mama.”

“Mwezi wetu una mashimo. Hili ni puto.” Alijaribu kuinua mikono, na rangi, iliyokuwa imekauka juu tu, ikavutika naye kwa nyuzi nyuzi. Aliipeleka mikono mbele ya pua. Uso wake ukakunjamana. “Kamasi za nani hizi?”

Kamera ilikuwa bado inalia. Bi Kinyaa aliziona zile nyuzi za fedha zikining’inia kwenye vidole vya yule mama aliyejifuta kidole kimoja kimoja siku zote, na roho ilimchafuka kwa namna ambayo hata chapa mbichi ya kinywa haikuwahi kumchafua. Aliwapita watu. Akaishika ile mikono, yote miwili, kwa viganja vyake bila glovu, akaifuta kwa mtandio wake mwenyewe.

“Ni mimi,” alisema.

“Nakusikia unavyonuka. Wamefanya nini?”

“Wameupaka rangi. Wameziba kila kitu.”

Mkurugenzi alikuja na tabasamu lake, mkono ukitafuta bega. “Fundi, tusiharibu siku. Ulikuwa unatisha, ukweli usemwe. Tumeupendezesha kidogo.”

“Umempendezesha nani?”

“Mgeni...”

“Mgeni ana mwezi wake bure, akitoka nje atauona. Huu ulikuwa wao.”

“Watu hawa wanahitaji kitu kizuri, fundi.”

“Watu hawa wapo hapa,” alisema Bi Swichibodi, kwa sauti ile iliyozoea kukata simu za wakubwa. “Na wanakusikia.”

Mgeni alianza kutazama saa. Dereva wa zamani, aliyekuwa kiti cha nyuma, alisema kwa sauti kubwa kwamba kama ni kupendeza, hata jeneza hupakwa rangi. Mkurugenzi akampeleka mgeni kuona jiko.

Bi Kinyaa hakungoja. Alimpigia mumewe, naye akafika na gari la kazi, na nguo za kazi, bila kunawa kwa sababu alisikia sauti ya mkewe. Wakaubeba ule mwezi wakiwa wameukumbatia wote wawili, rangi ikiwagandia kifuani.

Kuitoa ile rangi kulichukua muda mrefu kuliko kuutengeneza mwezi. Dawa ya kuyeyusha rangi ilikula jasi, kwa hiyo aliiacha akatumia vyuma vyake vidogo vya kuchongea nta, shimo kwa shimo, akikwangua ule ute wa fedha na kuupangusia kwenye magazeti. Ulinuka mafuta ya taa, ulimwingia kwenye kucha, na alisonya tangu asubuhi mpaka mchana. Jumapili Bi Swichibodi aliletwa na wifi, akaketishwa uani, akakagua kwa vidole. “Hapa bado,” alisema. “Hapa bado. Hapa umekwangua mpaka ukapitiliza.” Mashimo mengi madogo yalitoka pamoja na rangi. Upande wa nyuma ndio uliopona zaidi, kwa kuwa mtunza bustani aliona hakuna atakayeupiga picha, akaupitisha brashi mara moja tu.

Bi Kinyaa alitaka kuuvunja aanze upya. Hakuweza kuvumilia kazi yenye mikwaruzo yake mwenyewe. Bi Swichibodi alikataa katakata.

“Huu nimeshauzoea. Ukinitengenezea mwingine nitaanza tena kuchukizwa kuanzia mwanzo, na sina nguvu hizo.”

Ukarudi darasani. Mkurugenzi alibaki na cheo chake, akanunua tufe la plastiki linalowaka taa, akaliweka mapokezi, na akipita darasani alitazama upande mwingine. Bi Kinyaa akawa anakuja kila Ijumaa baada ya kazi kuusugua mwezi kwa brashi na dawa, na kukaa kidogo.

Ijumaa moja alikuta mwanafunzi mpya, mwanamke aliyepoteza macho miezi michache iliyopita, ambaye tangu afike hakuwa akizungumza na mtu. Alikuwa ameinama juu ya mwezi peke yake. Mikono hakuwa amenawa, hilo lilionekana waziwazi. Bi Kinyaa alikuwa amefungua kinywa kumkataza, ndipo yule mwanamke alipoinamisha kichwa zaidi, akatoa ulimi, akaulamba mwezi, taratibu, kuanzia ukingo wa shimo mpaka katikati ya bahari.

Bi Kinyaa aligeuka akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, amebana midomo na kufumba macho. Hatua za fimbo zilimfuata. Bi Swichibodi akakaa kando yake.

“Nini tena?”

“Yule mpya. Ameulamba.”

“Ameulamba!” Bi Swichibodi alijishika kifua. Akasonya, akatetemeka mabega, akatafuta kitambaa chake akajifuta midomo kana kwamba ni yeye. Walikaa wakivuta pumzi. Halafu akasogeza kichwa karibu.

“Hebu kamuulize,” alinong’ona. “Una ladha gani?”